Kamba ya Kisimani

Nina neno!

— Litoe!

Ni zito!

— Tutakupokea!

Mwenye haraka je?

— Atangulie!

Mwenye mke je? Mwenye mume je?

— Wakae karibu!

Basi sogeeni.

Paliondokea mtu na mkewe, zamani, katika mji uitwao Kalembela, mbali kabisa na bahari, mahali ambapo chumvi hutoka ardhini. Ndiyo, ardhini. Chini ya mteremko palikuwa na kisima, na maji ya kisima hicho yalikuwa makali, ukiyaonja uso unajikunja wenyewe. Wanawake wa Kalembela waliyateka, wakayapandisha mteremko kwa mitungi kichwani, wakayachemsha juu ya moto wa kuni tangu jua kuchomoza hadi jua kuzama. Maji yakaisha, chumvi ikabaki chunguni. Ndiyo ilikuwa kazi yao, na ya mama zao, na ya mama wa mama zao.

Mume aliitwa Mlolwa. Kazi yake ilikuwa kubeba chumvi ile na kwenda kuiuza nchi za mbali. Alikuwa na miguu ya safari na mdomo wa soko, na hakuna aliyemshinda kufunga mzigo. Mke aliitwa Kalunde, mpole wa maneno, mwepesi wa mikono. Na hili lisikieni vizuri, msije mkamwonea mtu: Mlolwa alimpenda mkewe. Alimpenda sana. Shida ni kwamba alimpenda akiwa mbali.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila mwaka msimu wa chumvi ulipokwisha, watu wote walikutana uwanjani, na kila mwanamke akavunja chungu chake cha mwisho mbele ya watu ili bonge la chumvi litoke. Siku hiyo kila mume humpa mkewe zawadi. Mume haruhusiwi kuuliza, "Unataka nini?" Mke haruhusiwi kusema, "Nataka hiki." Wazee walisema mume amepewa macho, ayatumie. Zawadi ikimgusa mke, mke humega chumvi ya chungu kile akamtia mumewe ulimini. Isipomgusa, humpa maji ya kibuyu. Mume akanywa, akarudi kukaa. Hakuna ugomvi, hakuna tusi. Lakini mwanamke akimpa mumewe maji miaka mitatu mfululizo, baba yake humshika mkono akaondoka naye, na ndoa huishia hapo hapo uwanjani.

Wewe unayeguna hapo nyuma, guna tu. Desturi ni yao. Mimi sikuitunga.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, mvua zilipokatika, Mlolwa akamwambia mkewe, "Kalunde, nipikie vyungu ishirini vya safari."

"Nitapika," akasema Kalunde.

Akapika. Vyungu ishirini. Mlolwa akafunga mizigo, akaenda siku ishirini, akarudi na bangili za shaba kumi na mbili, zinang'aa mpaka watu wanafumba jicho. Siku ya kuvunja chungu alimvisha mkewe bangili zile mbele ya watu, sita huku, sita huku. Vigelegele vikapigwa. Wanawake wakasema, "Kalunde, umeolewa!" Wanaume wakamtazama Mlolwa kwa jicho la husuda.

Kalunde akazitazama bangili. Akainama. Akachukua kibuyu, akampa mumewe maji.

Maji, jamani. Si chumvi.

Mlolwa akanywa. Akayamaliza yote, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Siku chache baadaye akaona bangili zimetundikwa kwenye boriti ya nyumba, na kwenye mikono ya mkewe kuna alama nyekundu. Shaba ikikaa karibu na moto hupata joto kama moto wenyewe. Aliziona alama zile. Aliziona kwa macho yake haya mawili, na bado akajiambia, "Ni shaba tu, ndiyo maana. Nilifanya ubahili. Mwakani nitaleta kitu cha maana."

Mwaka wa pili akasema, "Kalunde, nipikie vyungu arobaini."

"Nitapika."

Akapika. Vyungu arobaini. Mlolwa akafunga mizigo, akaenda siku arobaini, akarudi na nguo iliyovuka bahari. Alipoikunjua uwanjani watu walisimama. Wekundu wake, wekundu kweli. Buluu yake, buluu kweli. Na ukingoni nyuzi za manjano zinawakawaka. Mabibi vizee walisogea kuishika wakakatazwa.

Kalunde akapitisha vidole juu ya nguo, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, taratibu. "Ni laini," akasema. Hakusema lingine. Akapapasa kando yake, akakipata kibuyu, akampa mumewe maji.

Safari hii uwanja ulinyamaza. Mlolwa akanywa mbele ya kimya hicho. Uso ulimsawajika, na kwa mara ya kwanza akaogopa.

Baba wa Kalunde, Mzee Kasubi, akamfuata nyumbani kesho yake. Alikuwa mzee wa maneno machache. "Mkwe wangu," akasema, "mwakani nitakuja uwanjani na fimbo yangu ya safari. Sitaki kuja nayo. Lakini nitakuja nayo."

"Baba, nifanye nini? Nimempa vitu ambavyo hata mke wa mtemi hana."

"Hilo huniulizi mimi," akasema Mzee Kasubi, akaenda zake.

Haya. Nyinyi wenye akili mlioketi hapa, mmekwisha kujua Mlolwa alifanya nini. Semeni.

— Akaongeza!

Akaongeza! Mwaka wa tatu akasimama mlangoni akasema, "Kalunde, nipikie vyungu sitini."

Kalunde akauliza, "Sitini?"

"Sitini. Mwaka huu nakuletea kitu ambacho nchi hii haijakiona. Utajiona uso wako wote, kama mtu mwingine amesimama mbele yako."

Kioo! Mlolwa alitaka kumletea mkewe kioo. Kalunde akageuza uso kuelekea mekoni. "Nitapika," akasema.

Akapika. Kuni za karibu zikaisha. Akafuata za mbali. Zilizokauka zikaisha, akakata mbichi, na kuni mbichi mnazijua, moshi wake si moshi wa mchezo. Alikaa ndani ya moshi ule miezi mitatu. Mlolwa alikuwa pembeni akisuka kamba za mizigo, anahesabu siku za njiani. Kisha akaita wapagazi wenzake, wakabeba, wakaondoka.

Siku ya kumi wakafika kwenye kambi kubwa ya wachuuzi. Pale palikuwa na mwanamke mtu mzima, jina lake Nyamizi, ambaye ndiye aliyekuwa na kioo. Kilikuwa kimoja tu, kikubwa kama ungo, kimefungwa kwa ngozi. Mlolwa akatua mzigo mbele yake. "Bibi, nakitaka hicho. Chukua chumvi yote."

Nyamizi hakuitazama chumvi. "Ni cha nani?"

"Cha mke wangu."

"Vizuri. Nitakuuliza vitu vitatu kuhusu huyo mkeo. Ukijibu kimoja tu, chukua kioo, na chumvi yako rudi nayo."

Wapagazi wakacheka. Mlolwa naye akacheka. Akaona kioo kimekwisha kuwa chake, akajiona tajiri. "Uliza, bibi."

"Mkeo akiamka asubuhi, cha kwanza kukishika ni nini?"

"Atakuwa anashika... ufagio," akasema Mlolwa.

"Atakuwa? Sikuulizi atakuwa. La pili. Akipika, anajuaje kwamba chumvi imeiva?"

"Anajua tu. Wanawake wote wanajua."

"Sikukuuliza wanawake wote. La tatu. Mara ya mwisho mkeo kucheka, alicheka nini?"

Wapagazi wakaacha kucheka. Mlolwa alisimama pale, mtu mzima, miaka mitatu ya ndoa, anatafuta kicheko kimoja cha mkewe kichwani mwake na hakioni.

Nyamizi akafunga kioo chake kwa ngozi. "Baba, sikuuzii. Siwezi kuuza kitu kwa mtu ambaye hamjui anayempelekea. Nenda nyumbani ukamtazame. Mtazame siku tatu, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na usimwambie kwamba unamtazama."

Mlolwa akakasirika. Akamwita mchawi, akamwita mwizi. Lakini alipokwisha kuyasema yote, maswali yalikuwa bado yamekaa pale pale. Akageuza mizigo. Wenzake walimcheka njia nzima: mchuuzi anarudi na chumvi Kalembela!

Alifika nyumbani msimu ungali katikati. "Sikuuza," akamwambia Kalunde.

"Haidhuru. Umerudi mzima," akasema Kalunde, akamwandalia maji ya kuoga.

Asubuhi yake akamtazama. Kalunde akaamka, akaketi, akanyoosha mkono akashika ukuta. Akauambaa ukuta ule kwa kiganja mpaka mlangoni. Mlolwa alikuwa amekwisha kuona jambo hilo mara nyingi akadhani ni usingizi.

Siku hiyo akajifanya anakwenda kuchuna magome ng'ambo ya bonde, kwa sababu wanaume wa Kalembela hawatii mguu kisimani msimu wa chumvi. Ni mwiko, na faini yake mbuzi. Akakaa mahali panapotazamana na mteremko. Akawaona wanawake mekoni: kila mmoja akitaka kujua kama chumvi imeiva, huinama akachungulia. Kalunde hakuchungulia. Kalunde alilaza kichwa, akatega sikio kwenye chungu.

Siku ya pili akamtazama njiani. Alimwona akishuka na mtungi, mguu wa mbele unapapasa kabla ya kukanyaga, na midomo inacheza. Anahesabu hatua! Alipopanda na maji, penye jiwe kubwa la njiani akakosea hesabu. Akajikwaa, mtungi ukapasuka, maji makali yakammwagikia shingoni na kifuani. Wanawake wakamtania, "Kalunde, akili yako imebaki safarini na mumeo!" Kalunde akacheka nao. Mlolwa alikuwa ng'ambo lakini alikiona kicheko kile, na kile hakikuwa kicheko. Ilikuwa midomo tu.

Siku ya tatu akashuka akasimama katikati ya njia ya nyumbani, mahali peupe, jua linawaka. Kalunde akaja na kuni kichwani. Akaja, akaja, akaja. Zikabaki hatua tatu kati yake na mumewe. Mlolwa akainua mkono kumpungia. Kalunde akasimama ghafla, shingo imekaza.

"Nani?" akauliza. "Nani hapo?"

Mlolwa akashusha mkono. Akajisogeza pembeni polepole, na mkewe akampita, karibu kabisa, akitazama mbele ambako hakuona kitu.

Alipokwisha kwenda, Mlolwa aliketi chini kwenye vumbi akalia.

Vyungu ishirini, bangili. Vyungu arobaini, nguo. Vyungu sitini, kioo. Moshi wa vyungu vile vyote ulipita wapi? Bangili zilitoka machoni mwa Kalunde. Nguo ilitoka machoni mwa Kalunde. Na kioo nacho kingetoka hapo hapo, kisha angempa ajitazame! Nisameheni, hapa huwa napumzika kidogo.

...

Haya, twendeni.

Jambo la kwanza alilotaka Mlolwa ni kumkimbilia mkewe na kumwambia, "Nimejua." Akasimama. Akakumbuka mama yake Kalunde. Mama yule naye macho yake yalikufa kwa moshi wa chumvi, na tangu hapo huketi uani kwa Mzee Kasubi. Watu hupita wakasema mbele yake, "Mpeni huyo chakula," "Mwondoeni huyo juani," kama vile wanasema juu ya gunia. Siku moja Kalunde alimwambia mumewe, "Macho ya mama yalipokufa, watu wakamfanya kama na masikio hana." Basi Mlolwa akaelewa kwa nini mkewe anahesabu hatua na kunyamaza. Akaona kwamba siri ile ni ya Kalunde. Si yake yeye kuitoa.

Kumtoa mekoni hakuweza. Mji mzima ungeuliza kwa nini, maana moto wa mwanamke haukuzimwa kabla ya siku ya kuvunja chungu. Akasema tu, "Kalunde, ghala limejaa. Pika chungu kimoja kwa siku, kinatosha."

Kisha akaenda msituni akachuna magome. Akayaloweka, akayapondaponda, akasuka kamba. Kamba nene, ndefu, laini kwa mkono. Wanawake wa Kalembela walikwenda gulioni kila siku ya tano, na siku hiyo kisima hubaki peke yake. Gulio la kwanza Mlolwa akachimbia nguzo kwenye mteremko, akijua akionekana mbuzi wake wa faini amekwenda. Gulio la pili akafunga kamba, toka kisimani mpaka mekoni, usawa wa kiuno cha Kalunde. Gulio la tatu akatia mafundo. Kabla ya njia kukata kona, fundo moja. Kabla ya jiwe kubwa, mafundo mawili. Kabla ya ukingo wa kisima, mafundo matatu. Alifunga lile fundo lake la mizigo, la kuzungusha mara mbili na kuzamisha ncha ndani, ambalo halilegei hata likivuka mito saba.

Nguzo wanawake waliziguna tu, lakini kelele zao walipoikuta kamba! Mkubwa wa kisima, Mama Ngollo, akashika kiuno. "Hii ni kazi ya mwanamume. Mwiko umevunjwa! Nikimjua atatoa mbuzi, na mbuzi mwenyewe awe mnene." Lakini mtungi ni mzito na mteremko unateleza. Siku ya kwanza walinung'unika, siku ya pili wakaishika, siku ya tatu wakasahau kwamba haikuwepo. Kila mtu akaitumia. Na kwa kuwa kila mtu aliitumia, hakuna aliyemtazama Kalunde akiitumia.

Mlolwa alikuwa akimwona Kalunde akipanda na kushuka, mkono juu ya kamba, midomo imetulia, hahesabu tena. Hakujua kama mkewe ameyatambua mafundo. Kuuliza hakuweza.

Siku ya kuvunja chungu ikakaribia. Mpagazi mwenzake akamjia. "Mlolwa, una wazimu? Ghala limejaa chumvi. Toa hata mzigo mmoja, nunua hata shanga. Utasimama uwanjani na nini?"

"Sina cha kununua," akasema Mlolwa.

"Sema basi hata kitu ulichomfanyia!"

Hapo ndipo palipomchoma. Akitaja kamba, watu watauliza, kamba ya kila mtu imekuwaje zawadi ya Kalunde? Watayatazama mafundo, watamtazama Kalunde, na siri yake itakuwa imemwagwa mbele ya mji mzima. Asipoitaja, atakunywa maji ya tatu. Akikaa alifikiria hilo, akitembea alifikiria hilo, na kila alipofika mwisho alirudi pale pale. Heri ampoteze kuliko amwaibishe.

Siku ikafika. Uwanja ukajaa. Mzee Kasubi akaja, na fimbo ya safari mkononi, kama alivyosema. Akasimama upande wa binti yake bila kumtazama mkwe wake. Waume wakapita mmoja mmoja: huyu na jembe, huyu na mbuzi, huyu na shanga. Wake wakamega chumvi. Ikafika zamu ya Mlolwa.

"Mlolwa," akaita mwenye uwanja, "umemletea nini mkeo?"

Mlolwa akasimama. Akaonyesha viganja vyote viwili. "Sina kitu."

Uwanja ukavuma. "Huyu wa bangili?" "Huyu wa nguo?" "Hana kitu?" Mama mmoja akasema kwa sauti, "Bora angeleta hata matusi!" Mlolwa akainamisha kichwa akangoja kibuyu.

Kalunde akavunja chungu chake. Bonge likatoka, jeupe. Akapeleka mkono kando, akakigusa kibuyu. Watu wakaguna. Mzee Kasubi akapiga hatua moja mbele. Kalunde akakishika kibuyu, akakiinua, akakiweka mbali naye.

Akamega chumvi.

Kalunde akasimama, akamwendea mumewe. Akanyoosha mkono wenye chumvi, na Mlolwa akaona kwamba mkono ule unakwenda upande, unaelekea sikioni, haujui mdomo uko wapi. Haraka akasogeza uso wake, ili aifuate chumvi, ili ionekane kwamba mkewe hakukosea.

"Usisogee," akasema Kalunde.

Mlolwa akanong'ona, "Kalunde, watu wanaangalia."

"Waangalie. Wewe tulia, mume wangu. Acha nikutafute mwenyewe."

Akamtafuta. Mbele ya mji mzima. Vidole vikagusa sikio, vikashuka shavuni, vikapita puani, vikafika mdomoni. Akamtia chumvi ulimini. Na pale uwanjani hakuna mtu aliyebaki bila kuelewa.

Mzee Kasubi akashusha fimbo. "Mwanangu," akasema, "tangu lini?"

"Yalianza kufa mwaka wa nguo, baba. Rangi zake nilizisikia midomoni mwa watu tu." Kisha akawageukia watu. "Mnasema hana kitu. Kamba ya kisimani mmeishika wote zaidi ya mwezi. Nani aliuliza mafundo yake ni ya nini? Mimi niliyajua asubuhi ya kwanza. Nikajua kuna mtu ameniona, na akaninyamazia. Na fundo lile namjua alifungaye."

Mama Ngollo alikuwa ameweka mkono mdomoni. Habari ya mbuzi hakuitaja, siku ile wala siku nyingine.

"Baba," akasema Kalunde, "ulikuja kunishika mkono. Mkono huo nenda kamshike nao mama. Umemwacha peke yake uani."

Mzee Kasubi akatazama chini, akageuka akaondoka katikati ya watu, anatembea haraka kuliko wazee wanavyotembea, na wengine wenye mama na wake waliopofuka nyumbani wakaanza kuondoka vilevile, bila kuagana.

Mlolwa akapiga magoti. "Ni mimi niliyeyaua macho yako," akasema. "Kalunde, ni mimi."

"Najua," akasema Kalunde. "Nilikupa maji mara mbili, na kila mara ukaenda mbali zaidi."

Mlolwa akalia kwa sauti. Kalunde hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie mpaka akaishiwa, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mumewe.

"Na sasa?" akauliza Mlolwa. "Sasa nimefika?"

Kalunde akafikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Unakaribia," akasema.

Mnanitazama mnangoja mganga. Mnangoja atokee mzee na majani yake, ayapake machoni, Kalunde aone. Mimi mganga huyo sina. Macho hayakurudi. Waliishi pamoja miaka mingi, hayakurudi, na Mlolwa hakupata siku hata moja ya kusahau yalikokwenda.

Neno langu nimelitua.

— Tumelipokea!

Lina uzito?

— Lina uzito!

Basi libebeni wawili wawili mpaka nyumbani, na huko msinitaje. Tazamaneni.